Mhusika hayupo, njoo kesho

Najua nimepotea hapa karibu mwezi mzima, mnisamehe, mambo ya testi na presentesheni si mnayajua tena. Leo nimekaa kwenye kimbweta toka saa kumi jioni na nina jambo linanikereketa. Ni refu kidogo, kwa hiyo vuteni viti.

Wiki ya pili ya semesta ilikuwa ya kusaini bumu. Kwa wasiojua maisha ya chuo, bumu ni ile hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, na haiingii mpaka usaini kwenye mfumo kwamba upo na unasoma. Usiposaini ndani ya muda uliopangwa, unasubiri awamu nyingine. Basi bwana, siku ya mwisho, saa tatu asubuhi, mfumo ukalala. Foleni ikaanzia dirishani ikazunguka jengo. Saa tano yule dada wa dirishani akatoa kichwa akasema maneno ambayo kila Mtanzania ameshayasikia maishani mwake: "Mhusika hayupo, njooni kesho."

Mhusika alikuwa msibani. Kafiwa na shangazi, yuko njiani kwenda kuzika, na simu haipatikani. Mimi simlaumu hata kidogo. Mtu anayeachwa aende kumzika shangazi yake anaishi mahali penye utu. Ninacholaumu ni kwamba chuo kizima cha maelfu ya watu kilikuwa kinaning'inia kwenye mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo alipopanda basi, tukaanguka wote. Jamaa yangu mmoja wa hosteli hakufanikiwa kusaini. Alipiga pasi ndefu wiki tatu. Mlo mmoja kwa siku, tena wakati mwingine ni chai na andazi alilochangiwa. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Kilichonichekesha kwa uchungu ni hiki. Fundi aliporudi nilimfuata, nikamsalimia, nikampa pole, kisha nikamuuliza kwa adabu: hivi bro, hatuna akiba? Akaniambia ipo. Seva ina adapta mbili za mtandao, zimefungwa pamoja, moja ikifa nyingine inapokea. Nikamuuliza waya zake zinakwenda wapi. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. Zote mbili zinaingia kwenye swichi moja, na swichi hiyo imechomekwa kwenye ekstensheni moja. Na neno la siri analo yeye.

Nilicheka na mimi, maana kosa hilo hilo nimelifanya kwa mikono yangu, kule Kitai.

Kitai ni pale njia panda ukiwa unatoka Songea kwenda Mbinga. Lami inaendelea moja kwa moja kwenda Mbinga na kushuka mpaka Mbamba Bay ziwani, na upande mwingine unachepuka kwenda Ruanda na Lituhi, ambako nako utalikuta Ziwa Nyasa. Makaa ya mawe ya Ngaka yanapita hapo, malori usiku na mchana. Nilipelekwa fildi kwenye shule moja ya sekondari maeneo hayo, na kwa kuwa nasomea ualimu wa Hisabati na kompyuta, siku ya tatu tu nikakabidhiwa chumba cha kompyuta. Si mnajua fildi, ukijifanya unajua kitu kimoja unapewa vyote.

Shule ilikuwa na kompyuta kumi na nne za msaada na moja kubwa kidogo iliyofanywa seva. Ndani yake kuna vitabu, video za masomo na mitihani ya nyuma ya Kidato cha Nne. Intaneti pale ni ya kubahatisha, kwa hiyo seva ndiyo maktaba. Wanafunzi wanasoma kwenye kompyuta, walimu wanasoma kwa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha wakapewa walimu. Shida ni kwamba umeme ukikatika unarudi kwa hasira. Kabla sijafika, ulishaua kadi ya mtandao ya seva, na maktaba ikakaa kimya mwezi mzima ikisubiri mtu wa kuja kubadilisha kadi. Hebu fikiria: vitabu vyote vipo, kompyuta zote nzima, kilichokufa ni kidude kisichozidi kiganja.

Mimi kwa ushamba wangu wa kupenda sifa nikasema hili halitatokea tena. Nikaenda Songea nikanunua kadi mbili za mtumba, nikazifunga zote kwenye seva, nikaanza kuzifundisha kupokezana.

Naomba nieleze kwa lugha ya kawaida, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Kule Kitai karibu kila mtu ana simu ya laini mbili. Laini moja inashika nyumbani, nyingine inashika shambani. Hiyo ni akiba, na ni nzuri. Lakini ina kasoro: laini mbili ni namba mbili. Anayekupigia lazima azijue zote, ajaribu moja, ikigoma ajaribu ya pili. Kazi ya kutafuta njia amebebeshwa anayepiga. Kadi mbili za mtandao zikiachwa hivi hivi nazo ni hivyo hivyo, kila moja na anwani yake ya IP. Ya kwanza ikifa, ya pili ipo hai kabisa, ila wanafunzi kumi na wanne bado wanabisha hodi kwenye anwani ya marehemu.

Dawa yake ni kuivua kadi anwani. Kadi zote mbili zinabaki bila anwani, halafu unatengeneza adapta ya kufikirika juu yao, na hiyo ndiyo unaipa IP. Naiita IP pepe, kama tunavyosema baruapepe. Haikai kwenye chuma chochote. Leo imebebwa na kadi ya kwanza, ikifa inabebwa na ya pili, na anayebisha hodi hajui kama kuna msiba. Kwenye Linux kazi hii inaitwa bondi. Mizizi yake ni ile kazi ya Donald Becker kwenye mradi wa Beowulf, enzi za kerneli 2.0, walipokuwa wanaunganisha kompyuta za bei nafuu zifanye kazi ya kompyuta kubwa. Zipo namna saba za kufunga bondi. Mimi nilichagua namba 1: kadi moja inafanya kazi, nyingine inakaa benchi. Ukiweka miimon=100 mashine inachungulia waya kila milisekunde 100, yaani mara kumi kwa sekunde. Waya ukikatika, ya benchi inaingia uwanjani, kisha inapiga kelele mtandao mzima kwa ujumbe wa ARP: jamani, ile anwani sasa ipo kwangu huku. Swichi zinasikia, zinabadilisha kumbukumbu zao, maisha yanaendelea.

Siku ya kwanza niliita walimu waje kuona. Mwanafunzi anatazama video ya Baiolojia, mimi nikachomoa waya wa kwanza. Video ikasita kama mtu aliyekwama neno, ikaendelea. Makofi. Nikajiona mhandisi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Waya zote mbili zilikuwa kwenye swichi moja. Wiki ya pili swichi ikaganda, kadi mbili hai zikabaki zinatazamana. Tena mbaya zaidi, taa zake za kijani ziliendelea kuwaka, na kwa kuwa miimon inatazama waya tu, seva ikaridhika kwamba kila kitu kipo sawa. Nilijifunza hapo kwamba taa ya kijani si ushahidi. Inakuambia waya una mtu upande wa pili, haikuambii kama mtu huyo ana fahamu. Tukaazima swichi ya pili, tukagawa kompyuta saba huku saba kule, tukaunganisha swichi zenyewe kwa waya, kadi moja ikaenda kwenye kila swichi. Tukaacha miimon, tukaweka ukaguzi wa ARP: seva inauliza kila baada ya muda, ruta upo? Na kwa kuwa ruta ipo kwenye swichi ya kwanza, tukaweka na mlengwa wa pili, laptopu kuukuu iliyo kwenye swichi ya pili, ili kufa kwa swichi moja kusiifanye seva ijidhanie imekufa yenyewe. Ikitokea hivyo, nusu ya darasa inazima na wanafunzi wanahamia benchi la wenzao, wawili wawili. Si anasa, lakini kipindi hakifi.

Nikadhani nimemaliza. Ndipo likaja lile lililonifundisha kuliko yote.

Wiki ya tano, asubuhi moja, Kidato cha Nne wamekuja kupitia mitihani ya nyuma, maktaba haipo. Nikakagua. Waya wa kadi ya pili ulikuwa umetafunwa na panya. Sawa, lakini ya kwanza je? Nikafungua lile faili la hali ya bondi, /proc/net/bonding/bond0, nikakuta kadi ya kwanza imekufa muda mrefu. Nilipofuatilia kumbukumbu za mashine, ilikufa siku kumi na moja nyuma, umeme uliporudi kwa hasira kama kawaida yake. Siku kumi na moja tulikuwa tunatembelea mguu mmoja na hakuna aliyejua, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinafanya kazi!

Hapa ndipo ninapowaomba msimame kidogo. Akiba ina hila yake. Ikifanya kazi vizuri inaficha ugonjwa. Ulipokuwa na kadi moja, ikifa unajua dakika hiyo hiyo. Ukiwa na mbili, ya kwanza inakufa kimya, ya pili inabeba, na wewe unalala usingizi mnono ukidhani una mbili wakati una moja. Kwa hiyo kununua kadi ya pili bila kununua jicho la kuangalia ni kujidanganya, na wewe ndiye wa mwisho kujua.

Tukaandika kiprogramu kifupi kinachosoma lile faili kila saa, na kadi yoyote ikilala, ukurasa wa kwanza wa maktaba unageuka mwekundu juu. Hauwekwi kwenye kompyuta ya mwalimu peke yake, unawekwa pale kila mwanafunzi anaona. Na tukaweka siku: kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya usafi, waya mmoja unachomolewa makusudi.

Mwalimu mlezi wangu, mzee mmoja mpole wa pale Umatengoni aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alikuwa anakuja kila jioni kuangalia bila kusema kitu. Siku hiyo akaniuliza, "Mwalimu, na hiyo kompyuta yenyewe ikifa?" Nikamwambia, shikamoo mzee, umenikamata. Maana bondi inaokoa kadi, haiokoi mashine. Ndipo ile laptopu kuukuu ikapata kazi ya pili. Kuna utaratibu unaitwa VRRP, ulichapishwa mwaka 1998 kwa ajili ya ruta, unaoruhusu mashine mbili kumiliki IP pepe moja kwa zamu. Mkubwa anatangaza kila sekunde moja: nipo. Mdogo anasikiliza. Zikipita sekunde tatu na ushee bila tangazo, mdogo anaichukua anwani. Kwenye Linux programu ya keepalived inafanya hiyo kazi. Tukanakili maktaba kwenye laptopu kila usiku, basi.

Na huo nao una mtego wake. Mashine zote mbili zikiwa hai ila waya wa kati yao umekatika, kila moja inadhani mwenzake kafa, zote zinajitangaza wakubwa. Fahari wawili hawakai zizi moja. Kwa vitabu vya kusoma tu si janga, lakini kwa mfumo unaoandika matokeo au malipo, unaweza kukuta kumbukumbu mbili zinazopingana na hakuna wa kuamua ipi kweli. Tena msichanganye kupokezana na kuhifadhi nakala. Ukifuta kitabu kwa bahati mbaya, kadi mbili zitakupeleka kwa uaminifu mkubwa kwenye kitabu ambacho hakipo.

Yule mzee hakuishia hapo. Siku ya kuaga akaniuliza swali la pili: "Na wewe ukiondoka?"

Nilikosa jibu, maana neno la siri nilikuwa nalo mimi. Utaratibu wote ulikuwa kichwani mwangu. Nilikuwa nimeondoa kila mahali ambapo kitu kimoja kingeweza kutuangusha, isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa kinapanda basi la Songea Jumamosi. Mhusika hayupo, njoo kesho! Nilitaka kujificha.

Zile siku mbili za mwisho sikulala vizuri. Niliandika kila kitu kwenye kaunta buku, kwa Kiswahili, pamoja na michoro. Nikachagua wanafunzi wawili, msichana wa Kidato cha Tatu na mvulana wa Kidato cha Pili, si kwa sababu ni vipanga bali kwa sababu wataendelea kuwepo. Pamoja nao mwalimu wa Jiografia, aliyesema hajui kompyuta. Nikawakabidhi kaunta buku, nikavuruga mtandao makusudi, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe. Walichukua saa moja na nusu. Niliumia kutowasaidia, lakini walimaliza wenyewe, na yule mwalimu wa Jiografia ndiye aliyegundua waya uliochomekwa pasipo pake. Neno la siri likaandikwa, likatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa kwenye kabati la mkuu wa shule.

Sasa turudi chuoni, maana hii ni hoja na si hadithi.

Nasema hivi: IP pepe ina falsafa ndani yake, nayo ndiyo tunayoikosa. Falsafa yenyewe ni kwamba anwani iwe ya kazi, isiwe ya anayeifanya. Mwanafunzi anataka maktaba, hataki kadi namba moja. Mimi nataka kusaini bumu, sitaki kujua ni kaka gani ana neno la siri. Ofisi zetu nyingi bado zimefunga anwani kwenye mtu. Huduma ni ya Bwana Fulani, muhuri upo kwa Mama Fulani, ufunguo upo kwa dereva, na dereva kaenda Makambako. Tunawaita watu hao "wahusika" kana kwamba sisi wengine hatuhusiki.

Na sisi walimu watarajali tusijione wasafi. Tunajua shule ngapi zenye mwalimu mmoja wa Fizikia? Akipata likizo ya uzazi, au akihamishwa, somo linakufa na yeye. Hakuna daftari la alipofikia, hakuna wa benchi, hakuna hata aliyeonyeshwa ufunguo wa maabara. Tunalia upungufu wa walimu, na upungufu upo kweli. Lakini hata hao wachache tulionao, ni mara ngapi tunamwonyesha mwenzetu tunachokifanya? Wakati mwingine tunaficha, maana ukiwa peke yako unayejua, unaonekana wa maana. Tuseme ukweli, wadau. Uhusika ni utamu.

Wengine watasema umasikini. Hatuwezi kununua viwili vya kila kitu. Nakubali, na hata matajiri hawawezi. Lakini angalieni Mei 2024. Mimi nilikuwa Kidato cha Sita, tupo kwenye mitihani, nilihadithiwa baadaye. Jumapili ya tarehe 12 intaneti ya nchi ikaanguka, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi Afrika Mashariki. Tulikuwa tunategemea sana nyaya za baharini mbili zenye majina mawili, Seacom iliyowashwa 2009 na EASSy ya 2010. Zimegharimu hela nyingi mno. Zikakatika zote mbili kwa pamoja, kule kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, kwa sababu huko zinapita jirani na kutua sehemu moja, Mtunzini. Mnaona? Kadi mbili, swichi moja. Kosa la Kitai kwa ukubwa wa bahari! Kwa hiyo tatizo halikuwa uchache wa vitu. Mbili zinazopita njia moja zina hesabu ya ajabu: siku ya raha ni mbili, siku ya shida ni moja.

Ukitaka kuona akiba ya masikini iliyofikiriwa vizuri, panda milima ya Umatengo. Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali ambayo mvua moja ingebomoa shamba lote, na wamelima hivyo vizazi kwa vizazi kwa ngolo. Wanafyeka majani, wanayalaza katika viboksi, wanayafunika udongo, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo mashimo kama sega la nyuki. Maji yakishuka, shimo la juu linashika, likijaa linamwagia la chini, nalo linashika. Hakuna anayejenga bwawa kubwa moja la kutegemewa na wote. Halafu, na hili ndilo nalipenda, kazi hiyo inafanywa upya tena na tena. Hakuna anayesema babu alishachimba yatosha.

Wengine watasema kupima ni hatari: utachomoa waya, mfumo uanguke, ulaumiwe. Ni kweli unaweza kuanguka. Mimi wiki ya sita nilichomoa na ukaanguka kweli, tukakaa dakika ishirini. Lakini ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri, hakuna mtihani, fundi yupo, kila mtu anacheka. Waya utachomoka tu, hilo halina mjadala. Tunachochagua ni siku. Ama tuchague sisi Ijumaa tulivu ya wiki ya nne, ama panya na TANESCO watuchagulie siku ya mwisho ya kusaini bumu.

Kwa hiyo ombi langu kwa chuo changu ni dogo, halihitaji mfadhili. Kwanza, waya wa pili uhamie swichi ya pili na soketi ya pili, kazi ya mchana mmoja. Pili, hali ya kadi zote iwekwe wazi ukurasa wa mbele wa mfumo, tuione wote, sio fundi peke yake. Tatu, kila semesta itangazwe siku ya kuchomoa, na matokeo yabandikwe ubaoni hata yakiwa ya aibu. Nne, awepo mhusika wa pili, na siku ya kupima yeye ndiye afanye, yule wa kwanza akae nje chini ya mwembe. Na kama mfumo umelala siku ya mwisho, siku ziongezwe kwa kiasi ulicholala, bila sisi kupiga magoti. Hela ya chakula cha mtu isiliwe na ekstensheni.

Fundi wetu nimemsomea haya kabla ya kuyaweka hapa. Akasema ameshaomba swichi ya pili mara mbili kwa maandishi. Akaongeza kwamba miaka minne hajawahi kuchukua likizo yote bila kupigiwa simu. Hapo nikamuonea huruma kuliko nilivyomkasirikia. Mhusika naye ni mfungwa. Ukimpa mwenzake wa kupokezana naye, umemwokoa mwanachuo na umemwachia yeye azike shangazi yake kwa amani.

Juzi nilipokea ujumbe kutoka Kitai, ameuandika yule binti, sasa yupo Kidato cha Nne. Kadi imekufa tena, ukurasa uligeuka mwekundu, wakaagiza nyingine Songea, wakafunga. Anasema maktaba haikuzima hata kidogo. Hakuniuliza swali lolote. Alikuwa ananitaarifu tu, na mimi nikagundua kwamba sihitajiki tena kule. Sijawahi kufurahi namna hiyo kwa kutohitajika.

Haya, giza limeingia na mbu wa kimbwetani wameanza zamu yao. Na wewe msomaji, kazini kwako au shuleni kwako, ukipanda basi kesho nani anajua unachokijua? Jiulize kabla hujalala. Naomba kuwasilisha, na tukijaliwa tutaonana hapa hapa. Alamsiki.